Adabu ya Kumwandikia Anayetutengenezea Programu Bila Malipo

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Masahaba zake wote.

Tumepokea suali kutoka kwa mama mmoja wa Unguja. Anasema kijana wake, mwanafunzi wa sekondari, aliweka katika simu ya nyumbani programu ya nyakati za Sala. Akaona wakati wa Alasiri umechelewa kuliko adhana ya msikiti wao kwa zaidi ya saa moja. Akaingia pale watu wanapotoa maoni, akaipa programu nyota moja, na akaandika kwamba aliyeitengeneza ni mwongo anayewaharibia Waislamu ibada zao. Siku ya pili akajibiwa kwa maneno machache na ya upole: fungua mipangilio, chagua madhehebu ya Shafi'i. Akachagua, na saa ikakaa sawa. Mama anauliza mambo mawili. Je, mwanawe ana makosa, na hali nia yake ilikuwa kuilinda Sala? Na mtu anayetoa kitu chake bure ana haki gani juu yetu sisi tunaokitumia?

La kwanza jawabu yake ni fupi. Kuionea Sala wivu ni jambo jema na tunamuombea kijana huyu azidishiwe. Lakini kumwita mtu mwongo kabla ya kuhakikisha ni kumvunjia heshima yake, na Surat Al-Hujurat aya ya 6 imetuamrisha kuzichunguza habari ili tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Basi ayafute maneno yale, na pale pale alipoyaandika aandike masahihisho, ili aliyesoma tuhuma asome na kutakaswa kwake. Kuomba radhi kimya kimya moyoni hakutoshi pale ambapo tuhuma ilitolewa hadharani.

La pili linahitaji maelezo, kwa sababu wengi wetu hatujui hasa ni nani aliyeko upande wa pili wa ile simu.

Tumezoea kudhani kwamba kila kilichomo ndani ya simu kimetengenezwa na kampuni kubwa yenye majengo ya vioo na wafanyakazi wanaolipwa kusikiliza malalamiko yetu. Kwa baadhi ya programu ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya vile vinavyoziendesha simu na kompyuta zetu ni programu huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani yale maagizo yaliyoandikwa na binadamu ambayo mashine huyafuata, umewekwa wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwapa wengine kwa masharti ya leseni yake. Aliyeuanzisha, au aliyeirithi kazi ya kuuangalia, ndiye tutakayemwita mtunzaji. Wapo watunzaji walioajiriwa na makampuni kwa kazi hiyo. Wengi hawakuajiriwa. Ni mwalimu, mwanafunzi, mhandisi, mtu ambaye ameshafanya kazi yake ya mchana, akala na watoto wake, kisha usiku akafungua kompyuta kusoma barua za watu asiowajua.

Na sisi Waislamu tumefaidika na watu hawa kuliko tunavyodhani. Mfumo wa Android uliomo katika simu nyingi za visiwani umejengwa juu ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Finland. Tazama pia maandishi ya Kiarabu. Herufi ya 'ayn ikiwa mwanzo wa neno haina sura ile ile ya 'ayn ya kati wala ya mwisho, na juu yake huja fatha, shadda na tanwini. Kazi ya kuzipanga herufi hizo juu ya kioo, katika Android na katika vivinjari vya Chrome na Firefox, inafanywa na programu huria iitwayo HarfBuzz, jina lililotokana na maneno ya Kifarsi yenye maana ya herufi iliyo wazi. Khati ya Amiri, ambayo vitabu na tovuti nyingi za Kiislamu hupambwa kwayo, imetengenezwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo za mwanzo wa karne ya 20, na ameitoa bure kwa kila mtu. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, umeshughulikia kuuhakiki matni ya Qur'ani kwa kompyuta ili programu zichote kutoka kwenye asili iliyokaguliwa, kwa sharti kwamba matni hayo yasibadilishwe. Watoto wetu wanaofungua Juzuu Amma katika simu wanakula matunda ya miti hii, na ni wachache mno kati yetu waliowahi kuuliza aliyeipanda ni nani.

Sasa kwa upande wa fiqhi, huu ni muamala gani? Si kuuza na kununua, kwa sababu hakuna thamani iliyotolewa. Si ijara, kwa sababu hatukumuajiri. Ni katika mlango wa tabarru', yaani kutoa kwa hiari. Leseni za programu hizi karibu zote husema wazi kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila ya dhamana. Mafaqihi wetu wameichukua kutoka Surat At-Tawba aya ya 91 kanuni kwamba mtenda wema hafunguliwi njia ya kulaumiwa, ila akifanya hiana au uzembe wa wazi katika alichokabidhiwa. Kwa hivyo mtumiaji ana ruhusa ya kueleza kasoro, kuomba na kushauri. Hana deni la kudai.

Wazee wetu walikuwa wakiweka mtungi wa maji barazani ili mpita njia apooze koo. Ukikuta mdudu ndani ya mtungi, unapiga hodi: mzee, samahani, mtungi umeingia mdudu. Hakuna aliyeupiga teke mlango na kudai maji ya baridi zaidi. Na wala hukumwamsha mwenye nyumba saa nane za usiku.

Lakini hivyo ndivyo wanavyofanyiwa watunzaji, na si na vijana wa sekondari peke yao. Yupo Daniel Stenberg wa Sweden, anayeitunza curl, programu ndogo ya kuhamisha data kupitia mtandao ambayo imejipenyeza ndani ya simu, televisheni na magari. Kwa kuwa jina lake na anuani yake zimo katika orodha ya leseni, watu wenye magari wamekuwa wakimwandikia kumuuliza kwa nini ramani ya gari lao haifanyi kazi, na yeye gari lenyewe hajapata kuliona. Hilo linachekesha. Lisilochekesha ni la Januari 2022. Mwezi mmoja kabla yake kulikuwa kumegunduliwa tundu kubwa la usalama katika programu nyengine kabisa, Log4j, nayo pia ikitunzwa na watu wa kujitolea waliokesha kuliziba huku wakitukanwa. Kampuni moja kubwa ikampelekea Stenberg orodha ya maswali kuhusu Log4j na kumtaka ajibu ndani ya saa 24. Hakuwa na mkataba nao, hawakumlipa hata senti, na curl haikuhusiana na Log4j. Akawajibu kwa adabu kwamba atafurahi kuwajibu wakishatia saini mkataba wa huduma. Jina la kampuni hiyo hakulitaja. Hapo tunaona muungwana ni yupi.

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya maneno tu, maneno hayavunji mfupa. Tunataka tusimulie kisa kimoja kwa urefu kidogo, kwa sababu kinaonesha kwamba ukali wa maneno unaweza kuvunja kitu kikubwa kuliko mfupa.

Kuna programu huria iitwayo XZ Utils, ambayo kazi yake ni kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Imo katika mifumo mingi ya Linux, ile inayoendesha seva za mabenki, hospitali na vyuo duniani. Kwa miaka mingi aliyeitunza alikuwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila ya malipo. Mwaka 2022 zikaanza kumjia barua kwenye orodha ya hadhara ya mradi kutoka kwa watu wenye majina ambayo hayakuwa na historia yoyote kwengine. Mmoja alilalamika kwamba kazi inazorota na kwamba hakuna kitakachosonga mpaka apatikane mtunzaji mpya. Mwengine akauliza kwa nini asimwachie mtu mwengine. Collin akaeleza kwa utulivu kwamba hamu hajaipoteza, ila uwezo wake umepungua kwa sababu ya maradhi ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba kazi ile hailipwi. Jawabu iliyomrudia ilimpa pole kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa mkono wa pili: ajue mipaka yake, jamii inahitaji zaidi.

Wakati huo huo alikuwepo mtu mwengine, anayejiita Jia Tan, ambaye tangu mwaka 2021 alikuwa akileta marekebisho, mpole, mchapakazi, hana neno baya. Mtu aliyechoka, anayesutwa na wengi, akatokewa na msaidizi mmoja. Nani asingempokea? Kidogo kidogo Jia Tan akapewa mamlaka, hata ikawa yeye ndiye anayetoa matoleo mapya. Mwezi wa Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi toleo la 5.6.1. Ndani yake ulifichwa mlango wa siri ambao ungemuwezesha aliyeuweka kuingia katika seva za watu bila ya ruhusa.

Uligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeshangazwa kwamba kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokikuta. Ilikuwa siku ya Ijumaa, nasi tumo ndani ya Ramadhani, wala hatukuwa na habari ya shari iliyokuwa imetupitia kando. Toleo lile lilikuwa bado halijaingia katika mifumo mingi inayotumika kwa kazi za kila siku, kwa hivyo likaondolewa kabla ya madhara kuenea. Anayejiita Jia Tan hajatambuliwa, na wachunguzi wengi wanaona kwamba wale waliokuwa wakimsuta Collin walikuwa kundi moja naye.

Hebu tuzingatie namna njama hii ilivyofanya kazi. Barua zile kali hazikumshtua mtu yeyote, kwa sababu zilifanana na barua ambazo watunzaji huzisoma kila wiki kutoka kwa watumiaji wa kweli. Adui alijificha ndani ya ufidhuli wetu wa kawaida, kama mwizi anayejificha katika kelele za soko. Lau ingekuwa watu wamezoea kuandika kwa heshima, na lau wangejitokeza wawili watatu kumtetea mtu yule hadharani, lugha ile ingewagutusha wasomaji mara moja.

Na lipo la pili katika kisa hiki ambalo tusilipite. Jia Tan alikuwa na maneno matamu. Basi adabu tunayoizungumza si utamu wa ulimi peke yake. Ni ukweli katika unachokisema na subira pale usipojibiwa, pamoja na kumjali mwenzako kama mtu.

Namna ya kuandika

Tuingie katika utendaji, maana wasomaji wetu wengi wana vijana wanaosoma kompyuta na ambao watahitaji kuandika barua za namna hii.

Kwetu mtu humtumia mwenzake ujumbe wa WhatsApp: "Assalaamu alaykum, habari yako?" kisha akanyamaza akingoja aitikiwe ndipo aseme shida yake. Baina ya ndugu na majirani hiyo ni heshima. Kwa mtunzaji aliye nchi nyengine, mwenye barua mia zinazomngoja, salamu isiyo na haja ndani yake ni mzigo: itambidi ajibu, angoje, arudi tena. Salimu, shukuru kwa sentensi moja, kisha eleza haja yako yote katika barua ile ile. Naye akikujibu kwa mistari miwili mikavu bila ya kukuuliza hali za nyumbani, usidhani amekudharau. Watu wa kaskazini ya Ulaya huandika hivyo hata kwa rafiki zao.

Haja yenyewe ina nguzo tatu: ulifanya nini, ulitarajia nini, na kikatokea nini. "Programu yenu mbovu, haifanyi kazi, rekebisheni haraka" haina hata moja ya hizo, na mtunzaji hata akiwa na subira ya Ayyub hawezi kuitumia. Ilinganishe na barua kama hii:

"Assalaamu alaykum. Ahsanteni kwa programu hii, tunaitumia nyumbani kila siku. Nipo Wete, Pemba. Simu yangu ni ya Android 13 na toleo la programu ni 2.4. Tangu tarehe 2 Machi programu inaonesha Alasiri saa 10:50, na misikiti ya hapa inaadhini karibu na saa 9:40. Katika mipangilio nimechagua madhehebu ya Shafi'i, nikatarajia wakati ubadilike, lakini haukubadilika. Nimeizima simu na kuiwasha, hali ni ile ile. Nimeambatanisha picha ya mipangilio na ya kalenda ya msikiti wetu. Mkihitaji maelezo zaidi nipo."

Aliyepata barua hii anaweza kukaa kitako na kuitafuta hitilafu usiku huo huo. Ikiandikwa kwa Kiingereza chepesi, hata kibovu, inatosha. Hakuna anayesahihisha sarufi. Ila tahadharini na kitu kimoja ambacho kwetu ni rahisi kusahaulika: saa zetu. Saa 9:40 ya Alasiri kwa msomaji wa ng'ambo ni 15:40. Usipoigeuza atakuona unaadhini Alasiri asubuhi, na mtakuwa na hitilafu mbili badala ya moja.

Kabla ya kuandika, tafuta katika orodha ya masuala yaliyokwisha kuulizwa. Mara nyingi jawabu imo. Jambo moja kwa barua moja. Usimtafutie namba yake ya simu wala kumfuata katika kurasa zake za familia. Sheria yetu imetufundisha kwamba mwenye kubisha hodi akiomba ruhusa mara tatu bila ya kuitikiwa hurudi zake, na tunaona adabu hiyo inafaa sana hapa. Andika, baada ya wiki mbili kumbusha kwa upole, kama hakuna jawabu, rudi zako bila ya kinyongo. Aliyenyamaza huenda anauguza, huenda amefiwa. Na kama kasoro yenyewe ni tundu la usalama, usiitangaze hadharani. Miradi mingi ina anuani ya faragha kwa ajili ya mambo hayo, ili tundu lizibwe kabla ya wezi kulisikia.

Limezuka na jengine katika miaka hii. Vijana wanaiomba akili mnemba iwaandikie ripoti za kasoro, ndefu, zenye maneno ya kitaalamu, kuhusu kasoro ambazo hazipo. Stenberg amekuwa akilalamikia jambo hili hadharani tangu 2024, kwa sababu kila ripoti ya uongo hula saa za mtu wa kweli. Kupeleka dai ambalo wewe mwenyewe hujalijaribu, eti kwa kuwa mashine imesema, ni kuingia katika lile lile lililokatazwa katika aya tuliyoitaja juu.

Nyakati za Sala na maandishi ya Mas-hafu

Kuna malalamiko mawili ambayo hutoka sana kwa watu wetu, na yote mawili mara nyingi si makosa ya mtunzaji.

La kwanza ni nyakati. Alasiri kwa Mashafi'i na jamhuri ya wanavyuoni huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli cha wakati wa Adhuhuri. Kwa kauli mashuhuri ya Mahanafi ni pale kinapokuwa mara mbili. Hapa visiwani tofauti ya hesabu hizo ni yapata saa nzima, na programu iliyotengenezwa kwa ajili ya dunia yote inapaswa kuzibeba zote mbili. Ama Alfajiri, huhesabiwa kwa nyuzi za jua chini ya upeo wa macho. Muslim World League huhesabu nyuzi 18, mamlaka ya Misri 19.5, na jumuiya ya ISNA ya Amerika ya Kaskazini 15. Sisi tupo karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima, kwa hivyo kila uzi mmoja ni kama dakika nne. Baina ya 15 na 19.5 kuna dakika 18 au zaidi kidogo, na dakika 18 katika Ramadhani ni daku nzima. Hapa ndipo tunapowaomba wazazi wasimwachie mtoto aweke programu peke yake. Kaeni naye, ilinganisheni na kalenda ya msikiti wenu kwa siku tatu nne, na zikihitilafiana, kalenda ya msikiti ndiyo ya kufuatwa mpaka sababu ijulikane.

La pili ni zito zaidi. Huzunguka ujumbe katika simu: futeni programu fulani, wamebadilisha Qur'ani. Inapochunguzwa huonekana simu imekosa khati inayofaa, herufi zikatoka vibanduku au harakati zikapanda mahali pasipo pake. Au msomaji amefungua riwaya ya Warsh na yeye amezoea Hafs, au amekutana na rasmu ya Bara Hindi na yeye amesomea Mas-hafu ya Madina. Kumtuhumu Muislamu, au mtu yeyote, kwamba ameichezea Qur'ani ni tuhuma kubwa mno kuisambaza kwa kubonyeza mara moja. Ukiona kitu, chukua Mas-hafu iliyochapwa, linganisha, mwoneshe maalim wa madrasa. Ikithibiti kwamba ni kosa, mwandikie mtunzaji siku hiyo hiyo: sura, aya, toleo la programu, na picha mbili kando kwa kando. Kosa la kweli katika matni ya Qur'ani halingojei wiki mbili, na hapa mtu ana haki ya kukumbusha kwa mkazo, na kuwatahadharisha watu mpaka lirekebishwe. Mkazo si matusi.

Na mtunzaji naye

Wapo vijana wetu, baadhi yao wanafunzi wetu wa chuo, ambao wenyewe sasa ni watunzaji: ametengeneza kikokotoo cha mirathi, au kalenda ya darsa, akaitoa bure. Na wao wana la kusikia. Surat Al-Baqara, aya ya 263 na 264, imeeleza kwamba neno jema ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi, na kwamba masimango huibatilisha sadaka. Anayemjibu mtumiaji asiyejua kwa kumwambia "soma mwenyewe, kwani umenilipa?" amechukua thawabu zake na kuzitupa baharini.

Linus Torvalds tuliyemtaja alijulikana kwa miaka mingi kwa barua kali, zenye matusi, kwa wenzake wanaomletea kazi yenye kasoro. Walikuwepo waliomtetea kwamba ukali wake ndio unaolinda ubora. Mwezi wa Septemba 2018 mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa namna alivyowatendea watu, akajiweka kando kwa muda ili atafute msaada, na mradi ukapitisha kanuni za mwenendo. Akarejea mwezi uliofuata, na Linux haikuporomoka.

Mtunzaji ana haki ya kusema hapana. Ombi si amri, na "shukran, hili silimo katika mpango wangu" ni jawabu kamili. Akichoka aandike wazi kwamba amesimama, ili watu wasijenge juu yake. Na akitaka kumkabidhi mtu mwengine, amchunguze kama tunavyomchunguza anayeomba ufunguo wa msikiti. Asiutoe kwa sababu tu ya kelele za waliosimama mlangoni.

Limebaki suali la waliolipa. Ikiwa umenunua programu, au unalipia kila mwezi, hiyo ni bei, na una haki ya kudai ulichoahidiwa au kurudishiwa fedha zako, kwa lugha njema. Ikiwa hukulipa na unataka kulipa wema, miradi mingi ina mahali pa kuchangia. Asiye na fedha atafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili, maana nyingi zina tafsiri nusu nusu kwa kukosa watu, au awajibu wenzake maswali mepesi ili mtunzaji apumzike. Na asiyeweza lolote katika hayo aandike barua ya mistari miwili ya shukrani, isiyo na ombi ndani yake. Waulizeni watunzaji wamepokea ngapi za namna hiyo.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.